Kontena la Taka Mlangoni kwa Mama Kitana

Ukitaka kusukwa na Mama Kitana, njoo umeosha kichwa na umejiandaa kusikia yako. Atakuweka kwenye kigoda, atakubana katikati ya magoti usipate pa kukimbilia, kisha mikono itaanza kazi na mdomo nao utaanza ya kwake. Jina alilozaliwa nalo lilishasahaulika. Hili alipewa kwa ajili ya kitana chekundu cha meno mapana anachokichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Akipandwa na hasira hukichomoa na kumwelekezea mtu kama hakimu anayemfunga mwizi.

Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vitatu na mama mkwe. Chumba cha mbele Mama Kitana akakigeuza saluni: kioo kikubwa ukutani, viti viwili vya plastiki, mashine ya kukaushia nywele inayonguruma kama inataka kupaa, na mafungu ya nywele za kuunga yakining'inia kwenye misumari. Saluni hiyo ilisomesha watoto wawili mpaka wakaondoka kwenda kujitafutia. Ndiyo iliyonunua dawa za presha za mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Mama Kitana hakuwa na shamba, wala mjomba serikalini. Alikuwa na saluni, basi.

Halafu manispaa wakaleta kontena la taka, wakalitua mbele ya mlango wake.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema Bwana Afya, akiwa na shati lililopigwa pasi hadi likakata. "Tunatafuta sehemu ya kudumu."

Muda huo ukapita jua na mvua, ukapita tena jua. Lori la kuzoa lilikuja likijisikia. Taka zikajaa, zikamwagika, na maji meusi yakajitafutia njia mpaka chini ya kizingiti cha saluni. Nzi wakawa wateja wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mtu akija kusukwa mtindo wa siku nzima, baada ya muda mfupi anashtuka: kumbe kaacha jiko linawaka!

"Siku hizi kila mtu ana jiko linawaka," Mama Kitana alimwambia fundi viatu, jirani yake, aliyefanyia kazi kwenye meza kando ya njia. "Mtaa huu utateketea wote."

"Wewe una nafuu," fundi akajibu bila kuinua macho kwenye soli. "Mimi mtu ananikabidhi kiatu, halafu ananusa, halafu anakitazama kile kiatu kwa aibu. Mteja wa jana kaomba radhi mara mbili."

Walicheka, lakini kila jioni Mama Kitana alipofagia nywele sakafuni, kirundo kilikuwa kidogo kuliko cha jana. Aliona kinakoelekea. Kontena likibaki, saluni inakufa.

Ndipo manispaa wakaamua kufanya utafiti. Walitaka, walisema, kusikia sauti ya mwananchi. Vijana wakatumwa nyumba kwa nyumba, na mtaa ule akapewa binti mmoja mrefu mwenye miwani, kishikwambi amekikumbatia kifuani. Alipofika kwa Mama Kitana, mwenye nyumba alikuwa amekwenda kununua nywele. Akamkuta Bibi.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani, karibu kiti."

"Asante, Bibi, sikai. Nauliza tu, huduma ya kuzoa taka hapa kwenu mnaionaje?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri tu, tunashukuru."

Binti akagusa kioo cha kishikwambi, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Bibi akabaki anakifuta vumbi kile kiti alichomvutia. Alikuwa bado hajafika kwenye "ila".

Maana ndivyo walivyokuwa watu wa mtaa ule. Mgeni aliyesimama mlangoni hatwishwi shida, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Anaambiwa nzuri. Akikaa, akapata cha kunywa, akaulizwa hali za kwao, ndipo ile nzuri inaanza kufumuka taratibu: nzuri, ila mafua kidogo, mafua, na paa nalo linavuja, linavuja, na mtoto mwenyewe karudishwa nyumbani. Jambo lenyewe hasa hutajwa mgeni akiwa anavaa viatu aondoke. Binti alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza kabla ya jua kuzama. Hakukaa hata moja. Aliondoka na nzuri za mtaa mzima kwenye kishikwambi chake.

Mkutano wa kusomewa matokeo uliitishwa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Bwana Afya akasimama mbele ya ubao.

"Utafiti wetu wa kitaalamu unaonyesha kwamba wakazi tisa katika kila kumi wa mtaa huu wameridhika na huduma ya taka," akasema. "Tunawapongeza. Kwa hiyo pale penye kontena tutajenga kizimba cha kudumu, cha zege. Na kwa kuwa mitaa miwili ya jirani haijaridhika, nayo italeta taka zake hapo hapo."

Kitana kikachomolewa.

"Samahani. Mimi aliniridhisha nani?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Afya akainua mkono. "Mama, hizi ni takwimu."

"Hizo takwimu zina pua?"

"Nyumba yako ilijibu. Hapa imeandikwa: nzuri."

Mama Kitana akageuka polepole kumtazama mama mkwe wake. Bibi alikuwa anaitazama dari kwa makini sana.

"Mama?"

"Nilikuwa namkaribisha mgeni," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto wa watu hata hajakaa, nimwambie habari za funza?"

Fundi viatu akakohoa. "Hata mimi nilimwambia nzuri. Nilisema akitua mzigo nitamweleza vizuri. Hakutua."

"Na mimi," akasema mwanamke wa nyuma. "Na sisi," wakasema wengine, na pale ndipo mtaa mzima ulipotambua kwamba umejichongea wenyewe kwa adabu zake.

"Basi mmesema wenyewe," Bwana Afya akafunga jalada. "Ujenzi unaanza mwezi ujao."

"Utajenga mimi nimekaa humo ndani," Mama Kitana akasema. "Umwage zege lako kuanzia miguuni." Kisha akamwelekezea kitana yule binti mtafiti, aliyekuwa amejikunyata pembeni. "Na wewe, mwanangu. Umesuka lini mara ya mwisho?"

Binti akashika kichwa bila kutaka.

"Kinatia huruma. Kesho njoo kwangu."

"Nije kuuliza upya maswali, mama?"

"Usiulize kitu. Njoo ukae."

Binti alikuja asubuhi, uso umemshuka. Bosi wake alimwambia asipoteze muda, ripoti ikishasomwa imesomwa. "Lakini lile darasa lilinikosesha usingizi," akasema. "Nimewasikia wote, na sikuwa nimesikia kitu."

"Kaa," akaambiwa. Akabanwa katikati ya magoti.

Mama Kitana akamwanzishia mistari midogo kama ya mtoto wa kitajiri, ile inayokula siku nzima, na hakuwa na haraka. Jua likapanda. Kontena likapata moto, na harufu ikaingia saluni kama mwenye nyumba. Binti akaanza kupumua kwa mdomo.

"Mama, naomba nitoke nje kidogo nipate hewa."

"Hewa yenyewe ndiyo inatoka huko nje. Tulia. Na kichwa hiki nusu utakipeleka wapi, kwenye harusi ya nani?"

Wanawake wakaingia mmoja mmoja, wengine kusuka, wengine kutafuta kivuli tu. Wakamsalimia binti, wakamuuliza ya kwao, akajibu. Kichwa kilichobanwa magotini si mgeni tena. Basi nzuri zikaanza kufumuka. Mmoja mtoto wake anaharisha kila mvua ikinyesha. Mwingine alikuwa akiuza juisi kona ile, ameacha, nani atakunywa juisi yenye nzi. Mwingine anachoma taka uani kwa siri, na kifua cha mumewe ndicho kinachokohoa. Kishikwambi kilikuwa kwenye mkoba na hakikutolewa.

Mistari ilipofika kisogoni, binti akauliza swali moja.

"Kwa nini lori haliji kama zamani?"

"Dharau," akasema Mama Kitana.

"Dharau tupu," wakaitikia wote.

"Kuna aliyemuuliza dereva?"

Mikono ya Mama Kitana ikasimama. Akamtazama wa kwanza, akamtazama wa pili. Hakuna aliyewahi kumuuliza dereva kitu, zaidi ya kumtukana kimoyomoyo lori likipita.

"Sasa si ndiyo kazi yako hiyo," akasema, akaendelea kusuka, ila kwa kuvuta kidogo.

Binti akaenda yadi ya malori na kichwa chake kipya. Aliporudi siku chache baadaye, hakungoja kukaribishwa. Alikaa kwenye benchi la nje chini ya kivuli, akapewa maji, akayanywa yote.

"Habari za huko?" Mama Kitana akauliza.

"Nzuri."

"Umeshakuwa wa kwetu. Haya, ila?"

"Ila dereva anasema lori haliwezi kupinda kona hii. Zamani lilikuwa linapita mlango kwa mlango, watu wanatoa mifuko, hakuna haja ya kontena. Siku hizi njia imebanwa, hata kulifikia kontena ni kurudi kinyumenyume, ndiyo maana madereva wanakwepa. Meza ya fundi imesogea, ngazi za duka zimetoka nje. Na kuna baraza."

"Baraza la nani?"

Binti akatazama chini, kwenye saruji iliyokuwa chini ya miguu yake. "Hili, mama."

Baraza lile Mama Kitana alilijenga mwenyewe, mwaka wa pili wa ujane wake, mchanga akibeba kwa ndoo. Lilikuwa na benchi na bati la kivuli, na ndipo wateja walipongojea zamu. Ni kweli lilikula njia. Kila mtu alijenga hivyo, na hakuna aliyekuja kumwambia acha.

"Kwa hiyo nanuka kwa kosa langu."

"Sijasema kosa, mama. Nimesema njia."

"Nimekusuka bure ili uje uniambie nivunje kwangu? Bwana Afya kakutuma?"

"Hata hajui nimekwenda yadi."

"Toka hapa."

Binti akaondoka. Mama Kitana akaingia ndani, akaanza kuosha vitana vilivyokuwa visafi. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Beseni lilipogongwa kwa mara ya tatu, akainua kichwa.

"Ulimwambia mtoto akae, akakaa," akasema. "Akasikia harufu, akasikia watu, akaenda mpaka kwa madereva. Sasa kaleta alichokiona, unamfukuza. Yule wa kwanza aliyeondoka na nzuri zetu, huyo ndiye uliyemtaka?"

"Mama, nitaweka wapi wateja?"

"Hao wawili waliobaki?" Bibi akauliza, akapuliza makapi.

Hakuna mtu mwingine ambaye angemwambia Mama Kitana neno lile akatoka na nywele zake kamili.

Bwana Afya alipokuja na mafundi wake kupima mahali pa kizimba, kamba na vigingi mkononi, alikuta vumbi. Mama Kitana alikuwa amefunga kanga kiunoni, ameazima nyundo kubwa na mtaimbo, na benchi lilikuwa limeshatupwa uani. Fundi viatu alikuwa anashika bati lisimwangukie. Mtaa umejaa njiani unatazama.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakuondolea sababu." Akapiga. Kipande cha saruji kikaruka. "Dereva wako kasema hapiti kwa ajili ya hili. Sasa halipo. Nimevunja langu, na wewe uvunje lako."

"Mimi sina la kuvunja."

"Una ripoti."

Watu wakapiga vigelegele. Bwana Afya akageuka, akamwona yule binti mtafiti amesimama kwenye kundi na karatasi mkononi, mistari inang'aa kwa mafuta.

"Wewe, unafanya nini hapa?"

"Nimerudia utafiti," binti akasema. "Safari hii kila nyumba nimekaa. Na madereva nimewahoji. Walioridhika siwaoni."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Mwanangu huyo!" akapaza sauti Mama Kitana kwa furaha. "Kichwa nimesuka mimi!"

Bwana Afya hakuwa mjinga. Alitazama njia iliyofunguka, akatazama watu, akatazama mtaimbo. "Sawa. Tutajaribu," akasema. "Lori litapita Ijumaa. Likikwama, kizimba kinajengwa na sitaki kusikia mtu."

Fundi akahamishia meza yake upande wa pili siku ile ile. Mwenye duka alibisha kuhusu ngazi zake, akadai ni urithi, mpaka wanawake wakaanza kuulizana kwa sauti, mbele ya mlango wake, sukari ya mtaa wa pili inauzwa na nani. Kufika Alhamisi ngazi zilikuwa kifusi.

Ijumaa lori likaja. Mtaa mzima umetoka na mifuko, Bwana Afya amesimama mbali na taka kwa usalama wa shati. Lori likaingia kona, likapinda, likasimama. Dereva akatoa kichwa.

"Haipiti! Bati linagusa kioo changu!"

Bwana Afya akafungua jalada lake. Mama Kitana akavuta kigoda, akapanda, akalishika bati la paa la saluni yake kwa mikono miwili na kulikunja juu kama mtu anayekunja mkono wa shati. Likapiga kelele, likakubali.

"Njoo!" akafoka. "Njoo, kata kushoto, njoo! Unaendesha lori au unabembeleza? Njoo!"

Likapita. Wasaidizi wa dereva wakaruka chini, wakapokea mifuko mlango kwa mlango, na mwisho wakalifunga kontena kwa mnyororo na kuliburuta. Pale lilipokuwepo pakabaki ardhi nyeusi iliyolowa, na watu wakaja kuitazama kama wanatazama kaburi la mtu waliyemchukia.

"Sasa mama, niandike umeridhika?" Bwana Afya akauliza.

"Andika limepita mara moja. Mengine tutayaona."

Hakukosea kungoja. Wateja walianza kurudi, wakisukwa njiani juani kwa sababu kivuli hakikuwepo, na Mama Kitana akiwaambia jua linakausha nywele bila umeme, washukuru. Lakini wiki ya tatu Ijumaa ikaja, mifuko ikatolewa milangoni, na lori halikuonekana. Jumamosi halikuonekana. Jumatatu mwenyekiti wa mtaa akapiga simu, akajibiwa lori lina dharura na kontena linaweza kurudishwa kwa muda tu.

Mama Kitana aliposikia "kwa muda tu", alimwacha mteja kwenye kigoda, akatoka nje, akajitwika mfuko wake kichwani.

"Twendeni," akasema.

Hakuuliza nani yuko tayari. Watumishi wa manispaa waliporudi kutoka chakula cha mchana, walikuta wanawake wamepanga mifuko mistari minyoofu kwenye ngazi za ofisi, kubwa nyuma, ndogo mbele, fundi viatu akisaidia kunyoosha mistari. Bibi alikuwa ameletewa kiti akakaa katikati. Mlinzi akaja mbio.

"Mama zangu, hii ni nini?"

"Taka, mwanangu," Bibi akamwambia. "Huduma ni mbaya. Mbaya sana. Kaa nikueleze."

Mlinzi hakukaa. Alikimbilia ndani, na ndani simu zikaanza kulia. Madirisha yakafunguliwa, yakafungwa haraka kwa sababu ya harufu. Bwana Afya akatoka, akatazama ngazi zake, akarudi ndani, na kabla wanawake hawajafika nusu ya njia ya kurudi nyumbani walisikia mngurumo nyuma yao. Lori.

Dereva akapiga honi wampishe. Wengine wakapanda kando. Mama Kitana akasimama pale pale katikati ya njia, vumbi limemjaa miguuni, mikono kiunoni.

"Nipishe, mama, nimetumwa kwenu!"

"Najua umetumwa. Ijumaa utakuja au utatumwa?"

"Mimi ni dereva tu, mama, muulize Bwana Afya."

"Bwana Afya haendeshi. Nakuuliza wewe."

Dereva akatazama nyuma, akatazama mbele, akamtazama yule mwanamke. Akazima injini, akatoa kichwa dirishani, na kwa sauti iliyosikika na kila aliyekuwa barabarani akasema kwamba Ijumaa atakuja, na Ijumaa nyingine atakuja, na wakimzuia yadi atapita kuwaambia yeye mwenyewe nani kamzuia.

Ndipo Mama Kitana akampisha.